Udongo Ulaya na Saruji: Historia ya Majina Mawili

Jina la kata ya Daraja Mbili, katika jiji la Arusha, ni jina la kitu kilichojengwa. Mwanasarufi angependa paitwe Madaraja Mawili. Lakini wenyeji wamelitumia neno hilo lenye asili ya Kiarabu kama wengi wasemavyo tofali mbili badala ya matofali mawili, wala hawaoni taabu. Ndivyo yalivyo maneno mengi ya ujenzi: hufika pamoja na vitu, kisha wenyeji huyapokea kwa desturi yao. Lakini jina halichukui sauti peke yake. Huchukua pia rai ya watu juu ya kitu chenyewe. Makala haya yahusu majina mawili ya kitu kimoja, yaani udongo Ulaya na saruji, na jinsi historia yake igusavyo zege jipya litafutwalo na wataalamu siku hizi.

Katika mwaka wa 1824 Joseph Aspdin, mwashi wa Leeds huko Uingereza, alipewa hati ya kumiliki ugunduzi wa unga alioupa jina la Portland. Unga wa namna hiyo ulipofika Afrika ya Mashariki kwa meli, watu waliuita udongo Ulaya. Jina hili lilifuata desturi ya lugha, maana kitu kigeni kinachofanana na cha kwetu huongezewa neno Ulaya nyuma yake, kama viazi Ulaya, ambavyo asili yake hasa ni Amerika ya Kusini. Kiwanda cha Bamburi karibu na Mombasa kilianza kazi mwaka wa 1954, na kile cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka wa 1966. Tangu hapo udongo huo ulichimbwa na kuchomwa papa hapa, lakini heshima ya Ulaya haikuuondoka.

Mwalimu Julius Nyerere aliliona jambo hili waziwazi. Mwaka wa 1977, alipopima matokeo ya Azimio la Arusha baada ya miaka kumi, aliwalaumu wananchi waliokataa kujenga kwa matofali ya kuchoma na vigae, wakangoja saruji na mabati. Hoja yake ilikuwa kwamba saruji nayo ni udongo tu, bali kwa kuwa huitwa udongo wa Ulaya, watu huutukuza na kuudharau ulio miguuni pao. Kwake yeye huo ulikuwa ugonjwa wa fikira. Mwenye kuchunguza lugha ataongeza kwamba ugonjwa huo ulikuwa umehifadhiwa ndani ya jina.

Jina la pili lina nasaba nyingine kabisa. Saruji ni neno la Kiajemi lililoenea katika Kiarabu pia, nalo ni la zamani sana kuliko hati ya Aspdin. Huko Omani mafundi waliufinyanga udongo kwa maji, wakaukausha juani, wakaupanga juu ya magogo ya mitende na kuuchoma, kisha wakausaga na kuuchanganya na chokaa. Kwa saruji hiyo walijenga ngome, wakasakafia mifereji ya maji iitwayo aflaji, ambayo mitano kati yake iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2006. Chokaa peke yake hukauka polepole kwa kunywa hewa, wala haiwezi kushika ndani ya maji. Ikichanganywa na udongo uliochomwa, hushika hata majini. Katika pwani ya Waswahili waashi walichoma matumbawe kupata chokaa, na kwa chokaa hiyo na mawe yakajengwa makuba ya msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani. Basi unga wa viwandani ulipopewa jina la saruji, lugha iliutia katika ukoo unaoustahili.

Warumi nao walikuwa na njia yao. Badala ya kuchoma udongo walichimba majivu ambayo volkano ilikuwa imekwisha kuyachoma, hasa karibu na Pozzuoli, na kutokana na jina la mji huo wataalamu wamepata neno pozolana. Jambo hili lafaa kukumbukwa Arusha, kwa sababu mji wote umekaa chini ya volkano. Mlima Meru ulitema majivu mara ya mwisho mwaka wa 1910, na miteremko yake imejaa mchanga na changarawe za volkano ambazo watu huzitumia kufyatulia matofali. Majivu ya kaskazini mwa Tanzania yamekwisha kuchunguzwa na wataalamu, wakitaka kujua nguvu yake yanapochanganywa na chokaa.

Haja ya kurudia maarifa haya imetokana na hesabu ya moshi. Ili kupata klinka, ambayo ndiyo kiini cha saruji ya Portland, mawe ya chokaa na udongo huchomwa kwa joto la nyuzi 1,450 hivi, na mawe yenyewe hutoa hewa ya ukaa hata kabla ya kuhesabu kuni au makaa. Saruji ya dunia nzima hutoa kadiri ya sehemu 7 au 8 katika kila 100 za hewa hiyo itokanayo na kazi za binadamu. Kwa sababu hiyo wataalamu, akiwamo Karen Scrivener wa Lausanne, Uswisi, wametengeneza saruji ambayo klinka ni nusu tu. Sehemu 30 katika 100 ni udongo wa mfinyanzi uliochomwa kwa nyuzi 700 hadi 850, sehemu 15 ni mawe ya chokaa yaliyosagwa bila kuchomwa, na zilizobaki ni jasi. Hewa ya ukaa hupungua hata kufikia sehemu 40 katika 100. Udongo ufaao ni ule wenye kaolini, kama ulioko Pugu karibu na Dar es Salaam. Mtu wa Omani wa kale angeutambua mchanganyiko huu bila kufundishwa.

Hata hivyo yafaa kuonya. Majivu ya volkano hayafanani kila shimo, na zege lake aghalabu huchelewa kupata nguvu. Lisipomwagiwa maji kwa siku za kutosha, hudhoofika. Lakini kikwazo kingine ni cha lugha. Mtu anayejenga chumba baada ya chumba, akinunua mifuko kwa kadiri ya fedha alizopata, akiambiwa kwamba saruji yake ina majivu au udongo, atadhani ameuziwa kitu kilichochakachuliwa. Akiambiwa ina pozolana, hataelewa kitu, naye atamwachia muuzaji kumfasiria. Ujinga wa namna hii una hasara, maana mjenzi asiyejua tabia ya saruji yake hataitunza ipasavyo, na ukuta ukipasuka lawama itaangukia udongo wa nchi.

Hapa ndipo watunzi wa istilahi wana kazi. Saruji ya majivu ya volkano na saruji ya udongo wa kuchoma ni majina marefu kidogo, lakini husema kilichomo bila kuficha. Neno pozolana na libaki vitabuni kwa ajili ya wataalamu. Na kamusi zitakapoandikwa upya, yafaa zieleze chini ya neno saruji kwamba asili yake ni udongo uliochomwa na kuchanganywa na chokaa, ili msomaji ajue kwamba udongo ndani ya saruji si ulaghai bali ndio maana yake ya kwanza. Jina la udongo Ulaya limekwisha kufifia. Kilichobaki ni kuifuta dharau iliyokuja nalo.