Siri ya Mpimbwe, 1880

Hadithi za kubuni zenye watawala waganga, hila za baraza na mauaji yenye fumbo huwapendeza wasomaji wengi. Nchi ya Katavi haihitaji kubuniwa hadithi ya namna hiyo, maana historia yake inayo.

Jina la Katavi lenyewe latokana na mzimu, Katabi, ambao husadikiwa kukaa katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na watu huupelekea sadaka. Katika nchi za magharibi mtemi hakuwa mwamuzi wa mashauri tu. Mvua na mavuno vilihesabiwa kuwa mikononi mwake, na jeshi halikutoka bila dawa ya vita. Kwa hiyo watawala wawili walipopigana, dawa zao nazo zilipigana.

Katika mazingira hayo waliingia wageni. Mwaka 1879 watumishi wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji walijenga kituo Karema, ufukoni mwa Tanganyika. Mwaka huohuo Frederick Carter, Mwairishi, alitoka pwani na tembo wanne wa Bara Hindi ili kujaribu kama wanyama hao wangeweza kuchukua mizigo mahali pa wapagazi. Mmoja tu ndiye aliyefika Karema, naye hakuishi sana. Katikati ya mwaka 1880 Carter na mwenzake Cadenhead walikuwa katika mji wa Mpimbwe, Carter akirejea pwani, wakati majeshi ya Mirambo wa Urambo na Simba wa Usawira yalipouvamia mji ule. Wazungu wote wawili waliuawa.

Je, walikusudiwa wao, au walikutwa tu na vita visivyowahusu? Wako waliomhukumu Mirambo mara moja. Hapana shaka bunduki za msafara zilikuwa windo la thamani, na kituo cha Karema kingeweza kuwatia nguvu adui zake. Lakini Mirambo mwenyewe alikana kukusudia kifo chao, na mambo mawili yamtetea. Kwanza, Ebenezer Southon, daktari wa misioni ya Kiingereza, aliishi salama mjini mwake tangu 1879. Pili, Mirambo alikuwa akiutafuta urafiki wa Waingereza, na mauaji hayo yaliuharibu. Hapo awali John Kirk, balozi wao Unguja, alianza kumpendelea. Baada ya Mpimbwe alimgeuka. Mtu mwenye akili ya siasa kama Mirambo hakuweza kuununua ushindi mmoja kwa bei hiyo akijua. Yaelekea basi kwamba shabaha ilikuwa Mpimbwe na njia za pembe, na kwamba msafara wenye silaha ndani ya boma haukuweza kutofautishwa na adui.

Mirambo alifariki mwaka 1884, na mwaka uliofuata Karema ikakabidhiwa Mapadri Weupe. Hata hivyo fumbo kubwa zaidi halimo katika kifo cha Carter. Majina ya Wazungu wawili yalisafiri hadi London na Brussels. Wapagazi waliokufa pamoja nao, na Wapimbwe waliokufa wakiulinda mji wao, hawakuandikiwa hata sentensi moja ya maana. Mwanafunzi wa historia atakayelitazama jambo hili kwa haki hatatosheka na barua za mabalozi. Itampasa aende Mpimbwe, aketi na wazee, asikilize jinsi vita vile vinavyosimuliwa na wajukuu wa wale walioshindwa.