Khela ya Misri na dawa zilizotokana nayo

Khela ni mmea wa jamii ya karoti na giligilani, unaoota wenyewe Misri na katika nchi nyingine zinazopakana na Bahari ya Kati. Wataalamu wa mimea huuita Ammi visnaga. Vijiti vinavyobeba maua yake vikikauka huwa vigumu, na watu huvitumia kuchokolea meno. Dawa yenyewe imo katika mbegu. Tangu zamani Wamisri walizichemsha wakampa maji yake mtu aliyebanwa na mawe ya figo. Jiwe likikwama katika mrija wa mkojo, misuli ya mrija hujikaza kulizunguka na kuleta maumivu yasiyosemeka. Khela huilegeza misuli hiyo, njia ikapanuka, na jiwe likapata pa kupita.

Matumbo, mirija ya nyongo na mirija ya mapafu ina misuli ya aina hiyohiyo, inayojikaza na kulegea bila mtu kuiamuru. Ndiyo maana dawa ya figo ilifaa pia kwa msokoto wa tumbo na kwa pumu.

Mwaka 1879 Ibrahim Mustafa alitenga kutoka katika mbegu hizo fuwele chungu za kelini, kiini cha nguvu ya khela. Umbo la kikemia la kelini lilijulikana mwaka 1938, lakini madaktari waliendelea kuiona kama dawa ya kienyeji tu.

Aliyewageuza mawazo ni Gleb Anrep, mwanafiziolojia mzaliwa wa Urusi aliyewahi kufanya kazi na Pavlov, kisha akafundisha Cairo. Fundi mmoja wa maabara aliyekuwa na ugonjwa wa moyo unaobana kifua alishikwa na mawe ya figo, akanywa khela kama walivyofanya wenzake mitaani. Kifua nacho kikaacha kumbana. Anrep na wenzake wakaonyesha kwamba kelini hutanua mishipa inayoulisha moyo damu, na mwaka 1947 wakachapisha habari za kuitumia kwa wagonjwa wa pumu. Vitabu humsifu profesa, na anastahili. Ila aliyeijaribu kwanza ni fundi yule.

Kelini ilikuwa na kasoro kubwa: wengi walioitumia walipata kichefuchefu na kizunguzungu. Katika miaka ya 1950 wakemia wa kampuni ya Benger nchini Uingereza walianza kuunda michanganyiko inayofanana nayo, wakitafuta isiyoleta adha hiyo. Daktari wao, Roger Altounyan, mzaliwa wa Aleppo nchini Syria, mwenyewe aliugua pumu na hakuamini kwamba majaribio ya wanyama yanaeleza pumu ya binadamu. Basi akajifanya mgonjwa wa majaribio. Alivuta mvuke wenye vumbi la ngozi ya simbilisi, ambalo mwili wake ulilikataa, akajiletea shambulio, kisha akapima kama mchanganyiko mpya ulimkinga. Alijaribu mamia kwa miaka kadhaa. Mwaka 1965 ikapatikana kromoglikati.

Ajabu ni kwamba kromoglikati hailegezi misuli hata kidogo. Hutumiwa kabla ya shambulio, na huzuia seli fulani za mwili zisimwage histamini na kemikali nyingine zinazoifanya mirija ibane. Ikimezwa, tumbo huinyonya kidogo mno, hivyo ilibidi ivutwe kama unga hadi mapafuni. Altounyan, aliyekuwa rubani wakati wa Vita Kuu ya Pili, alibuni kifaa chenye panga dogo mfano wa lile la ndege, likizunguka na kutawanya unga mgonjwa anapovuta pumzi.

Tawi la pili lilichipuka Ubelgiji. Kampuni ya Labaz ilianzia kwenye kelini ikafika kwenye amiodaroni, mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikiikusudia kwa maumivu ya kifua yatokanayo na moyo. Baadaye ilidhihirika kwamba ubora wake uko katika kutuliza mapigo ya moyo yaliyovurugika, na kwa kazi hiyo hospitali zinaitumia hadi leo. Kromoglikati imepisha dawa za steroidi za kuvuta katika pumu, ingawa bado hutengenezwa kama matone ya macho yanayowasha kwa mzio. Khela yenyewe ingali ikinywewa Misri kwa mawe ya figo.