Huduma za Dharura za Uzazi: Mambo Ambayo Hospitali Inapaswa Kuwa Nayo

Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009, hospitali yenye huduma kamili za dharura za uzazi hutekeleza kazi tisa. Saba, zikiwamo kutoa magnesiamu salfeti kwa kifafa cha mimba, kuondoa kondo la nyuma kwa mkono na kumsaidia mtoto mchanga kupumua, hutarajiwa hata katika kituo cha afya.

Mbili zilizobaki, upasuaji wa kumtoa mtoto na kuongezewa damu, ndizo nzito. Zinahitaji chumba cha upasuaji, mtaalamu wa usingizi, umeme wa uhakika na akiba ya damu salama, usiku na mchana. Jokofu nalo lisisahauliwe: oksitosini, dawa ya kuzuia damu kutoka kwa wingi, huhifadhiwa katika nyuzijoto 2 hadi 8, ikipata joto hupungua nguvu.

Mama anayevuja damu baada ya kujifungua aweza kufariki ndani ya muda wa saa mbili, hivyo usafiri kutoka Murungu hadi hospitali ya wilaya mjini Kibondo ni sehemu ya matibabu. Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa Aprili 2022, hupokea simu bila malipo kwa namba 115. Gari la wagonjwa likikosekana, hutumwa dereva wa jamii.