Sekta ya Elektroniki ya Taiwan

Sekta ya elektroniki ya Taiwan ni jumla ya viwanda, maabara na kampuni za kusanifu chipu zilizokulia katika kisiwa ambacho miaka ya 1950 kilitegemea kuuza nje sukari na mchele. Haikuanzishwa na uvumbuzi wowote. Ilianza serikali ilipoamua kununua ujuzi ambao wamiliki wake walikuwa wameanza kuuacha, kisha ikawatuma vijana wake wakaujifunze kwa mikono yao.

Kabla ya hapo kisiwa kilikuwa kikifanya kazi ya kuunganisha tu. Kampuni ya Marekani, General Instrument, ilifika mwaka 1964, na mwaka 1966 likafunguliwa eneo la viwanda vya kuuza nje mjini Kaohsiung. Wafanyakazi, wengi wao wasichana kutoka vijijini, waliunganisha vipuri vya redio na televisheni kwa ujira mdogo. Ajira ilipatikana, ila aliyejua kwa nini kipuri kinafanya kazi alikuwa ng'ambo.

Tarehe 7 Februari 1974, watu 7 walikutana kwa kifungua kinywa katika mgahawa wa maziwa ya soya mjini Taipei. Miongoni mwao walikuwa Sun Yun-suan, waziri wa uchumi, na Pan Wen-yuan, mhandisi mzaliwa wa China aliyefanya kazi katika kampuni ya RCA huko Marekani. Pan alishauri nchi iingie katika utengenezaji wa chipu, ianze na chipu za saa za mkononi. Mwaka huohuo aliandika mpango wenyewe.

Utekelezaji ulikabidhiwa ITRI, taasisi ya utafiti wa viwanda iliyoundwa mwaka 1973. Mwaka 1976 ilitia saini mkataba na RCA wa kupata teknolojia ya kutengeneza chipu iitwayo CMOS, ya mikroni 7, ambayo wakati huo haikuwa ya mstari wa mbele. Uzee huo ulikuwa na faida: mwenye ujuzi hakuona hasara kuufundisha wote. Kundi la kwanza la wahandisi 19 lilikwenda Marekani, wakagawana kazi: hawa usanifu, hawa uzalishaji, hawa upimaji. Kiwanda cha majaribio kilianza mwaka 1977, na haukupita muda mrefu idadi ya chipu nzima kwa kila kisahani cha silikoni ikaizidi ya RCA yenyewe. Hapa ndipo penye uzito wa habari hii. ITRI haikuishia kwenye maabara na ripoti. Ilizalisha bidhaa na kuiuza, na kosa la mhandisi lilionekana sokoni.

Mwaka 1980 ITRI ilizaa kampuni ya kutengeneza chipu ya UMC, na Desemba mwaka huo ikafunguliwa bustani ya sayansi ya Hsinchu, jirani na vyuo vikuu vya Tsing Hua na Chiao Tung. Baadaye ilijengwa humo shule ya lugha mbili kwa ajili ya watoto wa wataalamu waliorejea kutoka Marekani, kwani mzazi harudi nyumbani ikiwa mwanawe hatapata pa kusoma.

Morris Chang, aliyekuwa amefanya kazi katika kampuni ya Marekani ya Texas Instruments kwa miaka 25, aliitwa kuongoza ITRI mwaka 1985. Aliona kwamba Taiwan ilikuwa dhaifu katika usanifu na masoko, lakini hodari kiwandani. Ndiyo maana kampuni ya TSMC, aliyoianzisha mwaka 1987, ilitengeneza chipu za wengine bila kuuza za kwake. Intel ilikataa kuwekeza. Philips ilichukua asilimia 27.5 ya hisa, na serikali karibu nusu. Miongoni mwa waliojifunzia RCA, F. C. Tseng alikuja kuwa kiongozi TSMC, na Tsai Ming-kai aliongoza MediaTek, iliyotoka UMC mwaka 1997.

Jina la RCA lina kumbukumbu nyingine pia. Kiwanda chake cha televisheni huko Taoyuan, Taiwan, kilichofungwa mwaka 1992, kilichafua udongo na maji ya ardhini kwa kemikali za kusafishia vipuri. Wafanyakazi wengi waliugua saratani. Walishtaki, na mwaka 2015 mahakama ya Taipei iliamuru walipwe fidia, wengine wakiwa wameshafariki.