Gobore la Mlimani na Mkataba wa Brussels

Katika Milima ya Uluguru kuna mahali paitwapo Bunduki. Ni kata ya Wilaya ya Mvomero, upande wa Mgeta, kwenye pengo linalotenganisha misitu ya Uluguru Kaskazini na ile ya Kusini. Wanafunzi hucheka walisikiapo jina hilo, ilhali silaha yenyewe ilifika Morogoro kabla ya reli, ambayo ilifika mwaka 1907.

Stanley alipopita hapa mwaka 1871 aliukuta mji wa Simbamwenni, ulioasisiwa na Kisabengo na wakati huo ukitawaliwa na binti yake. Mji ulizungukwa na ukuta wenye minara ya mawe pembeni, na ukuta huo ulitobolewa matundu ya kupenyezea mitutu. Aliyeujenga alijua kwamba adui atakuja na bunduki, naye alikuwa nazo. Zilitoka Unguja na Bagamoyo, zikabadilishwa kwa pembe za ndovu na, tusifiche, kwa binadamu. Nyingi zilikuwa zimetupwa na majeshi ya Ulaya, ambayo yalikwisha kupata bunduki za kupakiwa risasi kwa nyuma.

Hapa ndipo watu wengi hukosea historia. Gobore huonyeshwa katika picha za polisi kama alama ya ushamba, kana kwamba mtu wa milimani alishindwa kwenda na wakati. Ukweli ni kwamba wakati wenyewe ulizuiwa kwa mkataba. Tarehe 2 Julai 1890, huko Brussels, mataifa ya Ulaya na washirika wao yalitia saini makubaliano yaliyotangazwa kuwa ya kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake mlikuwa na vifungu vya silaha: katika eneo lote la Afrika baina ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, bunduki za kisasa zilipigwa marufuku isipokuwa kwa masharti makali. Kilichoweza kuendelea kuuzwa ni gumegume, yaani bunduki ya jiwe isiyo na mifereji ndani ya kasiba, pamoja na baruti ya kawaida. Hoja ya utumwa haikuwa ya uongo. Lakini waliotia saini ndio waliokuwa wakigawana bara, na bunduki za kisasa zikabaki mikononi mwa askari wao.

Matokeo yake yalionekana Mahenge tarehe 30 Agosti 1905, wapiganaji wa Maji Maji walipoivamia boma la Wajerumani. Walikuwa na mikuki, magobore na imani kwamba risasi zitageuka maji. Wakapokewa na bombomu, bunduki za kumimina risasi mfululizo. Baada ya vita, wakoloni walipita wakikusanya silaha za wenyeji.

Gobore halikufa, kwa sababu lina sifa moja ambayo bunduki ya kisasa haina: laweza kutengenezwa na kukarabatiwa kijijini. Fundi wa chuma anayejua kunyoosha jembe aweza kujifunza kuchonga kitako, kutafuta bomba la kuwa kasiba na kufua mdeki wa kushindilia. Sehemu ngumu ni mtambo. Kifyatulio kikikaza mno, mpigaji huvuta hadi mtutu ukaacha shabaha. Kikilegea, bunduki hujifyatua ikiwa begani mwa mtu njiani, na anayekufa ni jirani. Kasiba dhaifu nayo hupasuka usoni mwa mwenyewe. Fundi hana mahali pa kupimia kazi yake ila mwilini mwa mteja. Huu si ujuzi wa kudharauliwa. Afrika Magharibi, wahunzi wa Samori Touré waliweza kunakili bunduki za kisasa wakati akipigana na Wafaransa. Tofauti ni kwamba Samori alikuwa na dola nyuma ya wahunzi wake. Fundi wa Uluguru ana kibanda.

Waingereza waliendelea na ngazi ileile: gobore kwa leseni kwa Mwafrika, raifoli kwa wachache. Walilivumilia kwa sababu ya nguruwe pori na nyani, ambao serikali peke yake isingewamaliza. Lakini mwaka 1955, Waluguru walipokataa kuchimba matuta ya lazima, kule Matombo ilikuwa bunduki ya serikali iliyolia, na mtu akafa. Mpango wa matuta ukaachwa.

Leo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu kutengeneza silaha bila kibali. Kwa upande wangu, sioni ubaya wa sheria hiyo. Gobore limeua ndovu, limetumika katika ujambazi, na katika msitu uliotangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008 linatishia wanyama adimu. Ninachokitilia shaka ni mazoea ya kumtazama kila mwenye gobore kama jangili. Mjini Morogoro tuna Shirika la Mzinga, kiwanda cha risasi kilicho chini ya jeshi. Hatukosi mahali pa kumpeleka fundi mwenye kipaji, akapewa kibali na mafunzo na kazi yake ikapimwa kwa vyombo. Sijasikia msamaha wa kusalimisha silaha uliomwuliza fundi jina la kazi yake, au uliomwuliza mkulima atalindaje mahindi.

Mkulima huyo, akiisha kukabidhi gobore lake kituoni na kuandikishwa, hurudi mlimani. Usiku hupanda dunguni akiwa na debe la kugonga na mbwa wawili.