Mkemia Kwanza au Mwalimu Kwanza? Njia za Shahada ya Kemia Uganda na Nchi Jirani Tangu 1949

Likizo iliyopita mdogo wangu, binti wa shangazi, alinijia na fomu ya kuomba nafasi ya chuo kikuu. Amemaliza kidato cha sita akisoma fizikia, kemia na biolojia. Anaipenda kemia na anataka kuifundisha sekondari. Katika orodha ya kozi alikuwa amezungushia kalamu majina matatu: Shahada ya Sayansi katika Kemia, Shahada ya Sayansi katika Kemia ya Viwandani, na Shahada ya Sayansi pamoja na Elimu. "Kaka, si zote ni kemia?" akaniuliza.

Mimi nasomea ualimu wa Kiswahili na historia, na mara ya mwisho kushika bureti ilikuwa katika mtihani wa kidato cha nne. Nilimwomba siku chache, nikaenda kutafuta njia hizo tatu zilikotoka. Niliyoyapata yamenifanya niandike insha hii. Kwa maoni yangu, kozi inayochanganya kemia na elimu haikuanzishwa kwa sababu kuna aliyethibitisha kwamba mwalimu wa kemia huandaliwa vyema zaidi hivyo. Ilianzishwa kwa haraka, wakati nchi zetu zilipokuwa na madarasa mengi kuliko walimu, na alama za haraka hiyo bado zinaonekana maabarani.

Tuanze Makerere. Mwaka 1922 ilikuwa shule ya ufundi yenye vijana 14 waliojifunza useremala, ujenzi na umakanika. Katika miaka hiyohiyo ya 1920 yaliongezwa mafunzo ya tiba, kilimo na ualimu. Kisha Tume ya Asquith ilitoa ripoti yake mwaka 1945 kuhusu elimu ya juu katika makoloni ya Uingereza, ikapendekeza vyuo vya makoloni vilelewe na Chuo Kikuu cha London. Makerere ikaingia katika mpango huo mwaka 1949. Tangu hapo mwanafunzi wa Kampala alisoma kwa ajili ya shahada ya London, kwa viwango vya London.

Chini ya utaratibu huo, aliyetaka kuwa mwalimu wa kemia alikuwa kwanza mwanasayansi. Alimaliza shahada yake, ndipo akarudi kwa mwaka mmoja wa stashahada ya elimu: saikolojia ya mtoto, mbinu za kufundisha, na mazoezi katika shule. Njia hiyo ilikuwa ndefu na ilipitiwa na wachache. Serikali ya kikoloni haikuwa na shule nyingi za sekondari za Waafrika, kwa hiyo uchache huo haukuisumbua.

Uhuru ulibadilisha hesabu. Tanganyika ilijitawala mwaka 1961, Uganda 1962, Kenya 1963, na kila serikali ilikuwa imewaahidi wananchi shule. Jibu la kwanza lilitoka nje. Kuanzia mwaka 1961 mpango ulioitwa Walimu kwa Afrika Mashariki, uliosimamiwa na Chuo cha Ualimu cha Columbia, New York, uliwaleta vijana wa Marekani kufundisha katika sekondari zetu. Wengi wao, pamoja na wenzao Waingereza, walipitia Makerere kusomea stashahada ya elimu kabla ya kupelekwa shuleni. Wazee waliosoma miaka hiyo bado huwakumbuka walimu hao wa sayansi kwa majina, na kwa lafudhi zao pia. Lakini mikataba ilikuwa ya miaka michache, na mgeni aliyezoea darasa alikuwa tayari anafunga mizigo.

Hapo ndipo Dar es Salaam ilipochagua njia yake. Chuo hicho kilianza mwaka 1961 na kitivo kimoja tu, cha sheria. Mwaka 1963 kiliunganishwa na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1965 kikapata kitivo cha sayansi. Katikati ya miaka hiyo ya 1960 Dar es Salaam ilianza kufundisha elimu sambamba na masomo mengine. Mwanafunzi alichukua masomo mawili ya kufundishia, tuseme kemia na biolojia, akasoma na elimu humohumo, akaenda mazoezi ya kufundisha wakati wa likizo, na baada ya miaka mitatu akatoka na shahada na ualimu kwa pamoja. Kwa waziri anayehesabu madarasa yasiyo na walimu, mwaka mmoja uliookolewa kwa kila mhitimu ulikuwa na maana kubwa.

Kenya nayo haikukaa nyuma. Kambi ya jeshi la Uingereza nje kidogo ya Nairobi ilikabidhiwa serikali mwaka 1965 na kugeuzwa Chuo cha Kenyatta. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipovunjika mwaka 1970 na kila nchi kubaki na chake, Kenyatta ikawa tawi la Nairobi, na mwaka 1972 ikapokea wanafunzi wa Shahada ya Elimu. Hapa mkazo ulihama zaidi: jina la shahada lenyewe ni elimu, na kemia imo ndani yake.

Uganda ilikuwa na msiba wake. Baada ya mapinduzi ya Januari 1971 na kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972, walimu wengi wa kigeni, Waasia kwa Wazungu, waliondoka. Walimu Waganda nao walifuata, wakivuka Busia na Malaba kwenda kufundisha Kenya. Shule zilizokuwa na maabara nzuri zilibaki na makabati ya chupa ambazo maandishi yake yamefutika. Katika hali hiyo nani angethubutu kumwambia mwanafunzi asome kemia kwanza, kisha arudi mwaka mwingine? Makerere nayo ilishika njia ya kusoma vyote kwa pamoja, na vyuo vya baadaye kama Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989, na Kyambogo, kilichopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2003, vimekuwa na kozi ya aina hiyohiyo.

Sitaki kuonekana ninaidharau. Bila kozi hiyo, sekondari nyingi za vijijini zisingewahi kumwona mwalimu wa kemia mwenye shahada. Lakini muda wa mwanafunzi ni uleule. Anayesoma kemia, somo la pili na elimu hugawa wiki yake mara tatu, na kinachopunguzwa mara nyingi ni saa za maabara, kwa sababu ndizo zinazogharimu kemikali.

Mwenzangu wa chumbani anasoma kemia na biolojia pamoja na elimu. Katika mazoezi ya kufundisha alipangwa katika shule isiyo na fundi wa maabara. Siku ya mtihani wa majaribio wa kidato cha nne aliambiwa atayarishe myeyusho wa sodiamu haidroksaidi. Hesabu aliijua: gramu 4 katika lita moja. Akapima gramu 4 kutoka kwenye kopo lililokuwa limefunguliwa siku nyingi, akayeyusha, akagawa. Wanafunzi walipaswa kuchukua sentimita za ujazo 25 za myeyusho huo na kuona zinahitaji asidi kiasi gani, na yeye alikuwa ameandika jibu mapema: 25.0.

Karibu darasa zima lilipata 21 na kitu. Wachache walipata 25.0 kamili. Aliwapa hao wachache alama zote, wengine akawakata.

Wiki mbili baadaye, akiwa amelala, akashtuka. Sodiamu haidroksaidi hunyonya unyevu na kaboni dayoksaidi kutoka hewani. Gramu 4 alizopima hazikuwa gramu 4 za kemikali yenyewe. Sehemu yake ilikuwa maji tu na kaboneti. Myeyusho ulikuwa dhaifu, na asidi iliyohitajika ikawa pungufu. Waliopata 21 walikuwa wamepima sawasawa. Waliopata 25.0 walikuwa wamepika majibu kwa kuotea alichotaka mwalimu. Alitakiwa kwanza kuupima myeyusho wake kwa asidi ambayo nguvu yake inajulikana, au angalau kufanya jaribio lote mwenyewe kabla ya wanafunzi. Kanuni hiyo alikuwa ameisoma kwenye daftari, ila hakuwahi kuifanya kwa mikono yake tangu mwanzo hadi mwisho, kwani chuoni hukuta myeyusho umeshatayarishwa. Aliporudi shuleni kuomba alama zirekebishwe, alijibiwa kwamba ripoti zimeshapelekwa kwa wazazi.

Mwalimu wa zamani, aliyekuwa mkemia kwa miaka kadhaa kabla ya kugusa chaki, pengine asingeteleza hapo. Angeteleza kwingine, labda kwa kushindwa kumweleza mtoto wa miaka 15 mole ni kitu gani. Ndiyo maana siku hizi mafunzo kazini yamechukua nafasi kubwa. Kenya ilianza mradi wa kuwaimarisha walimu wa sayansi na hisabati mwaka 1998 kwa msaada wa Japani, na Uganda ikauiga mwaka 2005.

Serikali yetu, kwa upande wake, imeendelea kuhesabu vichwa. Katikati ya miaka ya 2000 kemia ilifanywa ya lazima hadi kidato cha nne. Mwaka 2007 ikaja elimu ya sekondari kwa wote. Mwaka 2022 mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada ukapandishwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, na sisi wa sanaa tukaachwa tulipokuwa, jambo lililowafanya walimu wa sanaa kugoma Juni mwaka huohuo. Nakiri kwamba sikuisoma habari hiyo kwa moyo mweupe. Hata hivyo mshahara humleta mtu darasani tu. Hauongezi saa zake za maabara.

Basi nilimjibu mdogo wangu hivi. Kemia ya viwandani itampeleka kwenye sabuni, rangi na vinywaji, na akitaka kufundisha itambidi aongeze stashahada ya uzamili ya elimu. Kemia tupu itampa maabara zaidi, lakini nayo inadai stashahada hiyohiyo, na mwaka wa ziada una ada yake, ambayo shangazi hana. Iliyobaki ni ile ya pamoja na elimu.

Akaiweka alama hiyo ya tatu, somo la pili biolojia. Kisha akaniomba namba ya mwenzangu. Nilidhani anataka kuuliza habari za hosteli. Alimuuliza kama fundi wa maabara ya chuo huwaruhusu wanafunzi wa mwaka wa kwanza waingie mapema, wakati anapotayarisha miyeyusho.