Kikombe Chenye Hesi Ishirini na Sita

Ndugu msikilizaji, wiki hii naomba tuyape likizo mambo ya bajeti na mikutano, tuzungumze juu ya baiskeli. Tena si baiskeli ya kwendea sokoni, ingawa hiyo nayo tutaifikia kabla ya kuagana. Nataka kuzungumzia baiskeli ya safari: ile yenye fremu ya chuma cha pua, usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume, madigadi mbele na nyuma, keria ya mizigo, na mwenyewe anaipanda wiki mbili tatu kuvuka milima na mabonde kwa kujifurahisha tu. Huko Uingereza, Ufaransa na Marekani wako watu wanaozipenda baiskeli hizo za zamani kiasi cha kukataa katakata kuziacha zife. Na jambo linalowakutanisha, mara nyingi, ni kipande cha chuma kinachoenea kiganjani.

Chukua mfano wa baiskeli iitwayo Raleigh Lenton, iliyotengenezwa Nottingham, Uingereza, katika miaka ya 1950. Rangi imefifia, lakini fremu bado imenyooka na kutu haijala kitu. Mwenyewe anakanyaga pedali, anasikia mkwaruzo. Akifungua pale katikati, mahali ekseli ya krenki inapopita, anakuta kimoja kati ya vile vikombe viwili vinavyoshika gololi kimelika. Si neno, anajisemea, kikombe si mali. Anakwenda dukani, ananunua kipya, anajaribu kukifunga. Kinaingia mzunguko mmoja, kinakwama.

Kilichomkwamisha ni hesi, au thredi kama wasemavyo mafundi wetu, yaani ile mikato inayozunguka skrubu. Watengenezaji wengi wa Uingereza walikubaliana kwamba vikombe vya krenki viwe na hesi 24 katika kila inchi moja. Raleigh walikata 26. Kampuni hiyo ilianza miaka ya 1880 katika karakana ndogo iliyokuwa mtaa wa Raleigh, ndiko ilikopata jina, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilikuwa ikitoa baiskeli zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Mkubwa wa namna hiyo haulizi majirani anakata hesi ngapi. Kwa makusudi au bila makusudi, matokeo yake ni kwamba aliyenunua Raleigh alibaki mteja wa Raleigh maisha yake yote. Na kwa muda mrefu hilo halikuwa tatizo, kwa kuwa kiwanda kilikuwapo.

Hapa inafaa turudi nyuma kidogo. Watu wa mijini walianza kusafiri kwa baiskeli kabla ya gari kuwapo. Mwaka 1878, katika mji wa Harrogate, Waingereza waliunda chama cha wasafiri wa baiskeli, ambacho baadaye kiliitwa Cyclists' Touring Club. Nembo yake ilikuwa gurudumu lenye mabawa, na hoteli zilizokubaliana na chama zilibandika nembo hiyo ukutani ili mwanachama ajue kwamba hapa atapata chakula na kitanda bila kukunjiwa uso. Mwanzoni ulikuwa mchezo wa wenye nacho. Bei za baiskeli ziliposhuka, karani na mfanyakazi wa kiwandani nao wakaingia barabarani. Huko Ufaransa, sheria ya mwaka 1936 iliwapa wafanyakazi likizo ya wiki mbili yenye malipo, na wengi walioipata waliitumia juu ya baiskeli. Kwa watu hao baiskeli ya safari ilikuwa ndiyo gari lao na ndiyo akiba yao. Hawakuinunua ili waitupe baada ya misimu miwili.

Mwaka 1935 kampuni ya Reynolds ya Birmingham ilitoa mabomba ya chuma yaliyopewa namba 531. Chuma hicho kilichanganywa na manganizi na molibdeni, kikawa chepesi kwa nguvu zilezile. Reynolds walikuwa na hataza tangu mwaka 1897 ya kuvuta bomba ambalo ukuta wake ni mnene kwenye ncha, panapoungwa, na mwembamba katikati, pasipo na kazi kubwa. Fundi akiviunga vipande hivyo kwa shaba, joto si kali kama la kulehemu kwa umeme, na chuma hakiharibiki. Tena bomba likipinda baada ya miaka 30, fundi mwingine anaweza kuliyeyusha kwenye maungio, akalitoa na kuweka jingine. Hilo ndilo linalowafanya wapenzi wa baiskeli hizi wazing'ang'anie, maana fremu ya kaboni iliyopasuka haina fundi mtaani.

Lakini fremu inayoweza kuishi miaka 70 ilifungwa vipuri vilivyotegemea makubaliano ya viwanda, na viwanda havikukubaliana. Mfaransa alipima kwa milimita: kikombe chake kina kipenyo cha milimita 35, na hesi za pande zote mbili hufungwa kuelekea kulia. Mwingereza alitumia inchi: kikombe chake kinafika milimita 34.8, na kile cha upande wa mnyororo hufungwa kinyume, kuelekea kushoto, ili kisilegee mtu anapokanyaga. Mwitaliano naye akaja na milimita 36. Tofauti kati ya Mfaransa na Mwingereza ni sehemu mbili za kumi za milimita, jicho halioni. Asiyejua huongeza nguvu kwenye spana, na hapo ndipo fremu nzuri hufa. Kila mtoto aliyewahi kung'ang'ana na pedali ya kushoto bila kuambiwa kwamba hufunguliwa kinyume ananielewa.

Katika miaka ya mwanzo ya 1970 Wamarekani walishikwa na homa ya baiskeli. Mwaka 1973 pekee ziliuzwa takriban milioni 15. Baadhi zilitoka Ufaransa, zenye majina kama Peugeot na Motobécane. Katika miaka ya 1980 Wafaransa wakaacha vipimo vyao vya zamani, na maelfu kwa maelfu ya Wamarekani wakabaki na baiskeli ambazo hata nchi iliyozizaa haikuzitengenezea tena kikombe.

Kisha viwanda vyenyewe vikaanza kufungwa. Sturmey-Archer ya Nottingham, waliotengeneza ile habu yenye gia tatu ndani yake, ilianguka mwaka 2000, ikanunuliwa na SunRace na mitambo kupelekwa Taiwani. Raleigh walimaliza kuunda baiskeli Nottingham mwaka 2002. Mwaka huohuo Brooks, watengeneza tandiko za ngozi ambao kampuni yao ilianzishwa mwaka 1866, walinunuliwa na kampuni ya Kiitaliano. Kwa mwenye Lenton yetu, mlango wa kuulizia ulikuwa umefungwa.

Basi ikawa kazi ya watu binafsi, na kusema kweli walikuwa wamekwisha kuianza. Mfaransa Paul de Vivie, aliyejulikana kwa jina la Vélocio, alianzisha gazeti la Le Cycliste mjini Saint-Étienne mwaka 1887, akalitumia kwa miaka mingi kueneza elimu ya gia. Wakati huo mwanzilishi wa Tour de France, Henri Desgrange, alikuwa akishikilia kwamba gia ni za watu waliovuka miaka 45. Mashindano yake yaliruhusu gia za kubadili mnyororo mwaka 1937 tu. Mtalii na gazeti lake walimtangulia bingwa kwa miongo kadhaa. Vélocio aligongwa na tramu, akafa mwaka 1930. Uingereza nako, mwaka 1955, iliundwa klabu ambayo leo inaitwa Veteran-Cycle Club, yenye wanachama waliojigawia kazi: huyu anajua baiskeli za kampuni hii, yule za kampuni ile, na ukimwandikia namba iliyogongwa kwenye fremu yako atakuambia ilizaliwa lini.

Wanabadilishana nini hasa? Vipuri, ndiyo, katika minada na masoko ya vitu chakavu, mezani na chini ya meza. Lakini kwa maoni yangu bidhaa kubwa kuliko zote ni maneno. Wanaambiana kwamba habu ya Sturmey-Archer imegongwa mwaka wa kutengenezwa ubavuni, hivyo kama fremu haina karatasi, uliza habu. Wanaambiana kwamba bomba la tandiko likipima milimita 27.2, kuna uwezekano mkubwa kwamba fremu ni ya 531 iliyo bora, hata kama chapa imebanduka na rangi imepakwa kwa brashi.

Na wanaambiana habari za kota. Msikilizaji anaijua kota, ule msumari wenye ubapa unaoshika krenki kwenye ekseli. Ya Kiingereza ina unene wa milimita 9.5, ya Kifaransa 9. Kuitoa ndiyo mtihani. Ukiipiga nyundo baiskeli ikiwa inaning'inia, nguvu yote inapita kwenye gololi, na zinatoboa vishimo ndani ya kikombe. Kwa hiyo weka kwanza kipande cha bomba zito chini ya krenki, kisimame sakafuni, kota ielekee kwenye uwazi wa bomba. Kisha piga pigo moja la kweli, si vipigo kumi vya woga. Mafundi wetu wanaokaa chini ya mwembe wanalijua hilo siku nyingi. Tofauti ni kwamba wao hawakuliandika, na fundi akifa anaondoka nalo.

Aliyeandika sana alikuwa Mmarekani Sheldon Brown, fundi wa duka moja la West Newton, Massachusetts, aliyefariki mwaka 2008. Alikusanya vipimo vya hesi na vya matairi vya karibu kila nchi, akajibu maswali ya watu asiowajua bila kuwadai senti. Vipimo vya matairi ndivyo kichekesho. Tairi la inchi 27 hukaa kwenye rimu ya milimita 630, na lile ambalo Wajerumani huliita inchi 28 hukaa kwenye rimu ya milimita 622. Yaani 28 ni ndogo kuliko 27! Ndiyo maana wazee wa mchezo huu husoma ile namba ya milimita iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, mengine wanayapuuza.

Iko 28 nyingine, ile ya 28 kwa 1½, milimita 635. Hiyo, ndugu msikilizaji, ndiyo ya baiskeli yetu kubwa nyeusi, yenye breki za vyuma na kengele ya mlio wa kuheshimika. Rimu yake ya mbele ina matundu 32 na ya nyuma 40, utaratibu wa Waingereza wa tangu zamani, ambao waliufuata hata kwenye baiskeli zao za safari kabla ya kuuacha. India iliurithi na kuendelea kuufuata. Hivyo Mwingereza mwenye baiskeli ya babu yake, akikosa tairi la milimita 635 mjini kwake, hutafuta lililotengenezwa India, kama yule wa Tabora au Kisumu.

Turudi kwa mwenye Lenton. Anaweza kumpa fundi akate hesi upya kwa kipimo cha Kiitaliano cha milimita 36, na kikombe kipya kitaingia. Ila chuma kilichokatwa hakirudi, na wenzake watamnunia. Wengi hutafuta kwanza. Na mahali pa kutafuta si kwa wauza vitu vya thamani. Raleigh walikata hesi 26 kwenye baiskeli za ghali na kwenye za bei poa, hata kwenye Raleigh Twenty, kile kibaiskeli cha magurudumu madogo cha kwendea dukani, ambacho Uingereza hutupwa jalalani. Kikombe chake kinaingia kwenye Lenton bila kubishana. Na kile kilichomo kwenye Raleigh kuukuu ya Nottingham aliyoachiwa mtu na mzee wake huko kijijini, nacho, uwezekano ni mkubwa, kina hesi 26.